Mbwa Anayesusa

Mabibi na mabwana, wenyeji wetu mliotualika, na ninyi nyote mliowaacha mbwa wenu nyumbani ili mpate kuwasema bila wao kusikia,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya lishe bora kwa mbwa anayechagua chakula, na kwa kuwa kazi yangu ni udaktari wa mifugo, lalamiko lenyewe nalisikia karibu kila juma, tena kwa maneno yaleyale: "Daktari, mbwa wangu hali chakula." Nami humtazama huyo asiyekula, ameketi sakafuni kwa utulivu, shingo nene na kiuno kisichoonekana, nikajiuliza kimoyomoyo unene ule umetoka wapi.

Kiswahili kina neno linalolifaa sana jambo hili, nalo ni kususa. Aliyesusa, chakula kipo mbele yake na tumbo lina nafasi, lakini ameelekeza uso ukutani akisubiri abembelezwe. Kususa kunahitaji mtazamaji, kwa maana sijapata kusikia mtu aliyesusa akiwa peke yake nyumbani. Ninachotaka kuwaeleza jioni hii ni kwamba wengi wa mbwa tunaowaita wachaguzi hawakuzaliwa hivyo: ama wamekwisha kula na sisi hatukuhesabu, ama wamejifunza kwamba kususa kunawalipa, na waliowafundisha ni sisi wenyewe. Lakini kabla sijawatwisha lawama hiyo, sina budi kumtenga mbwa mwingine anayefanana nao mbele ya bakuli, yaani mgonjwa, kwa sababu kumtendea mgonjwa kama anayedeka ni kosa linaloweza kumgharimu uhai.

Mbwa ambaye miaka yote alikuwa akilamba bakuli mpaka linahama mahali pake, kisha ghafla akaacha kula, huyo hajaanza kuchagua, ana jambo. Meno yaliyooza, ufizi uliovimba, figo zinazochoka, uvimbe wa kongosho, minyoo, homa, maumivu ya shingo yanayomfanya ashindwe kuinamia bakuli, yote hayo yanaweza kuanza kwa chakula kubaki. Kichefuchefu nacho ni rahisi kukosewa, maana mbwa mwenye kichefuchefu mara nyingi husogea hadi kwenye bakuli akiwa na nia ya kula, akanusa, akalamba midomo na kumeza mate mara kadhaa, kisha akageuza kichwa kana kwamba chakula kimemuudhi, na mwenye mbwa akasema, "Unaona? Hiki hakipendi." Vilevile mbwa mwenye jino bovu anaweza kula nyama laini kwa furaha na kuziacha punje kavu za chakula cha dukani, au akazitafuna kwa upande mmoja na kuziangusha, akaitwa mdekaji kwa miezi mingi ilhali anaumwa. Kwa hiyo kila mbwa mchaguzi anastahili kufunguliwa kinywa na kupimwa walau mara moja kabla hatujaanza kumfundisha adabu ya mezani.

Mbwa mzima mwenye afya asipotia chochote kinywani kwa siku nzima, mpigieni daktari simu. Mtoto wa mbwa, hasa wa aina ndogo, msimsubiri muda huo, kwa sababu sukari ya damu yake hushuka upesi. Na mbwa mwenye kisukari anayechomwa insulini akisusa mlo, mwenye mbwa awasiliane na daktari kabla ya kumchoma sindano yake ya kawaida. Kususa kukiandamana na kutapika, kuharisha, kulegea au kupungua uzito, hakuna cha kujadili nyumbani. Zipo pia sababu zisizo na hatari, kama vile joto kali la hewa, siku inayofuata chanjo, kuhamia nyumba mpya, au dume aliyenusa jike lililo tayari kupandwa. Hizo kwa kawaida hupita zenyewe.

Sasa nimgeukie aliyeshiba, ambaye kwa uzoefu wangu ndiye anayeijaza foleni. Wataalamu wa lishe huanzia kwenye kanuni moja: chukua uzito wa mbwa kwa kilo, upandishe kwa kipeo cha 0.75, kisha zidisha kwa 70, nawe utapata kilokalori, au kalori kama tunavyozoea kuziita, ambazo mwili wake unazihitaji kwa siku ukiwa umepumzika tu. Kwa mbwa wa kilo 5 jibu ni 234 hivi. Akiwa mzima, amehasiwa, na anaishi maisha ya kawaida ya nyumbani, huwa tunazidisha tena kwa 1.6, tukapata kama 375 kwa siku nzima. Haya ni makadirio, na mbwa wawili wa uzito mmoja wanaweza kupishana sana, lakini yanatosha kwa hesabu ninayotaka tuifanye pamoja. Kipande cha jibini gumu cha gramu 30 kina kalori 120 hivi. Kijiko kikubwa cha siagi ya karanga kina kama 95. Biskuti mbili za mbwa, zenye kalori 40 kila moja, ni 80. Jumla yake ni 295, na mbwa wetu amebakiwa na nafasi ya kalori 80 kabla hajaonja chakula chake chenyewe. Jioni anapolinusa bakuli lililojazwa mpaka juu na kwenda zake, hapo hajasusa. Amehesabu vizuri kuliko sisi.

Niseme na la nyumbani kwangu, msije mkadhani nawasuta kutoka mlimani. Niliwahi kuwa na mbwa jike mdogo ambaye kwa miezi minane alikuwa akila chakula chake kwa kulishwa mkononi, punje moja moja, huku mimi, daktari mwenye cheti ukutani, nimepiga magoti sakafuni nikimsihi. Nilimpima damu, nikamtazama meno, nikabadilisha chakula mara tatu. Mwishowe nilibandika karatasi kwenye mlango wa jokofu, nikamwomba kila mtu wa nyumbani aandike chochote atakachompa, hata kama ni kidogo kiasi gani. Tulikuwa watu wanne. Kila mmoja wetu alikuwa akimpa "kipande kimoja tu", na kila mmoja aliamini kwamba ni yeye peke yake. Kufikia jioni ya siku ya pili karatasi ilikuwa imejaa upande wa mbele, na mbwa, kama kawaida yake, alikuwa amelala kando ya bakuli asiloligusa. Karatasi ile ilitufaa kuliko vipimo vyote nilivyomfanyia, na hadi leo ndiyo ninayowapa wateja wangu kabla ya dawa yoyote ya kuongeza hamu ya kula.

Mtajuaje basi kama anapata chakula cha kutosha? Liacheni bakuli, mshikeni mbwa. Pitisheni vidole juu ya mbavu zake bila kukandamiza. Mbavu zikihisika kama mgongo wa kiganja chenu kilichonyooshwa, yaani mifupa inapapasika chini ya ngozi nyembamba bila kuchomoza, mwili wake uko sawa. Zikihisika kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa, amekonda. Na ikiwa ni lazima mzitafute kama mnavyotafuta mifupa kwa upande wa ndani wa kiganja, amenenepa. Mtazameni pia kutoka juu, kiuno kionekane kikiingia ndani baada ya mbavu. Mbwa mwenye mwili wa namna hiyo, ambaye uzito wake haushuki mwezi hadi mwezi, anakula vya kutosha hata kama kila siku anaacha robo ya bakuli. Aliyekosea ni aliyelijaza. Wala msiuogope wembamba huo. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, mbwa 48 wa aina ya Labrador walifuatiliwa tangu utotoni hadi kufa, nusu yao wakila asilimia 25 pungufu ya kile walichokula wenzao waliopangwa nao wawili wawili. Waliokula pungufu waliishi kwa wastani wa kati miaka 13.0, na wenzao miaka 11.2, tena maradhi ya viungo yaliwachelewa. Kila ninaposikia mtu akisema kwamba mbwa wake anakula "kama ndege", hukumbuka wale Labrador.

Nije kwa yule anayesusa kwa maana halisi ya neno. Jioni ya kwanza mbwa ameacha chakula, pengine kwa sababu ndogo tu, labda joto au uchovu. Mwenye mbwa akaingiwa na huruma, akamwongezea nyama ya kuku juu yake, mbwa akala. Jioni ya pili mbwa akasita kidogo, akitazama kama kuku yu njiani, na kuku akaja. Baada ya juma moja anasita kila siku, na baada ya mwezi kuku hatoshi, sasa ni kuku anayepewa kwa mkono, huku anaimbiwa. Mbwa hakufanya ujanja wowote katika haya yote. Alifanya kile ambacho kila kiumbe hufanya, yaani kurudia tendo lililomletea faida. Wahenga walisema mazoea yana tabu, na tabu ya mazoea haya ni kwamba yanazidi kuwa magumu kadiri tunavyoyapinga nusunusu. Mtu akikaza moyo kwa siku nne, kisha siku ya tano akashindwa na kutoa kuku, hajarudi alipoanzia, bali amemfundisha mbwa kwamba bei ya kuku sasa ni siku tano za kusubiri, na safari ijayo mbwa atasubiri siku sita bila wasiwasi. Ndiyo maana nawaambia watu: kama mnajua kwamba moyo wenu hautastahimili, msianze kabisa mwezi huu, anzeni mtakapokuwa tayari, tena nyumba nzima kwa pamoja.

Wengi wenu mmegundua kwamba mbwa yuleyule mchaguzi akipelekwa kukaa na mbwa wengine hula bila maneno. Ukisusa, wenzio wala. Yeye analijua hilo kuliko sisi. Sipendekezi muwalishe mbwa wakigombania bakuli moja, kwani wapo wanaoacha kula kwa woga wa mwenzao mwenye mabavu, na hao wanahitaji chumba chao na mlango uliofungwa. Nataja hili kwa sababu linaonyesha kwamba chakula kile hakikuwa kibaya.

Njia yenyewe ni fupi kuieleza na ngumu kuifuata. Mbwa mzima apewe milo miwili kwa siku, kwa saa zilezile, katika mahali palipotulia. Wekeni bakuli, mwondoke. Baada ya dakika 15 au 20 liondoeni, lenye chakula au tupu, bila kumkaripia na bila kumbembeleza, kisha asipewe kitu kingine hadi mlo unaofuata, isipokuwa maji, ambayo lazima yawepo saa zote. Msiongeze kipimo cha mlo unaofuata ili kufidia ule alioususa. Mbwa wengi wazima wenye afya hubadilika ndani ya siku chache. Kwa watoto wa mbwa, mbwa wadogo sana, wazee na wagonjwa njia hii isitumike bila kumshauri daktari, kwa sababu nilizokwisha kuzitaja.

Kwa nini saa zilezile? Mwanasayansi Ivan Pavlov wa Urusi, ambaye watu humkumbuka kwa kengele na mate, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula, na miongoni mwa aliyoyaonyesha ni kwamba juisi za tumbo la mbwa huanza kutiririka wakati mbwa anapokula hata kama chakula chenyewe kimezuiwa kisifike tumboni. Hamu hutangulia, tumbo hufuata. Mbwa anayelishwa kwa saa maalumu hufika mbele ya bakuli akiwa amekwisha kujiandaa mwili mzima. Yule ambaye bakuli lake limejaa kutwa hana cha kujiandalia, na isitoshe mafuta yaliyo juu ya punje zake hupoteza harufu na kuanza kuchacha.

Harufu ndiyo inayostahili juhudi zenu. Ulimi wa mbwa una vionjo kama 1,700, wakati wa binadamu una takriban 9,000, lakini pua yake inatupita mbali kiasi kwamba kulinganisha ni kujiaibisha. Mbwa huamua kwa pua kabla ulimi haujaulizwa. Kwa hiyo kabla hamjanunua chakula kipya, chukueni kile mlicho nacho, mkimwagie maji ya uvuguvugu, mkikoroge, mkiache dakika chache kilainike na kutoa harufu. Chakula cha kopo kilichotoka kwenye jokofu kipashwe hadi kifikie joto la mwili, nyuzi 38 hivi, na kijaribiwe kwa kidole ili kisimuunguze. Tazameni na bakuli lenyewe, kwani nimewaona mbwa waliokuwa wakiogopa mlio wa kibati cha shingoni kikigonga chuma, wakaponywa kwa sahani ya kauri. Na dawa chungu zisifichwe ndani ya mlo mkuu. Akiigundua mara moja, atakishuku chakula kizima kwa muda mrefu. Zifungieni katika tonge dogo la kitu kingine.

Mkiamua kuongeza kitoweo juu ya chakula, kisizidi asilimia 10 ya kalori za siku, pamoja na vitafunio vyote, na kichanganywe kabisa hadi kila punje ipate harufu yake, maana kitoweo kilichowekwa juu kama pambo humfundisha mbwa kuchambua. Kuku aliyechemshwa bila ngozi wala chumvi, yai lililopikwa, boga, karoti iliyopondwa, yote hayo yanafaa. Kila juma punguzeni kidogo. Mkibadilisha aina ya chakula, fanyeni hivyo kwa siku 7 hadi 10, mkianza na robo ya kipya ndani ya robo tatu za kile cha zamani, kwa sababu tumbo lililoharishwa na mabadiliko ya ghafla humpa mbwa sababu ya kweli ya kukichukia kipya.

Hapa nafikia sehemu inayonitia hofu zaidi, kwani mwenye mbwa aliyekata tamaa mara nyingi huishia kumpa nyama tupu, akijifariji kwamba mbwa ni ndugu wa mbwa mwitu. Ni ndugu kweli, lakini wametengana. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni ya kimeng'enya kinachosaga wanga kuliko mbwa mwitu, ndiyo maana wali uliopikwa vizuri haumdhuru. Nyama tupu, kwa upande mwingine, ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, ilhali mbwa anahitaji kalsiamu isiyopungua fosforasi, na isiyozidi maradufu yake. Upungufu huo ukiendelea, mwili huichota kalsiamu kutoka kwenye mifupa, na nimewahi kuziona picha za eksirei za mtoto wa mbwa aliyelelewa kwa mapenzi makubwa na minofu mitupu, miguu imepinda na mfupa mmoja umevunjika kwa kuruka kutoka kwenye kiti. Ini nalo, ambalo mbwa hulipenda kupita kiasi, likitolewa kila siku kwa wingi hujaza vitamini A kuliko mwili unavyoweza kustahimili.

Sisemi kwamba chakula cha kupikwa nyumbani ni kibaya. Nasema ni hesabu, na hesabu hiyo wengi huikosea: watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichunguza mapishi 200 ya chakula cha mbwa yaliyochapishwa, wakatoa matokeo mwaka 2013 kwamba asilimia 95 yalipungukiwa na angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Anayetaka kupika na apike kwa mpango ulioandikwa na mtaalamu wa lishe ya wanyama, kwa ajili ya mbwa wake huyo, na asibadilishe viungo kwa kukisia. Anayenunua, asome lebo: itamke kwamba chakula ni kamili na chenye uwiano kwa umri wa mbwa wake. Viwango vinavyotumika Marekani vinataka protini isiyopungua asilimia 18 kwa mbwa mzima na 22.5 kwa anayekua, zikihesabiwa baada ya kuondoa maji. Neno hilo la maji lina uzito. Kopo lililoandikwa protini asilimia 8 huonekana hafifu kando ya mfuko wa punje wenye asilimia 24, lakini ikiwa asilimia 78 ya kopo hilo ni maji, protini katika kilichobaki ni zaidi ya asilimia 36.

Vipo pia vitu ambavyo watu huvitumia kumshawishi mbwa, navyo ni sumu kwake. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi, vilivyopikwa au vilivyosagwa ndani ya viungo vya mchuzi, huharibu chembe nyekundu za damu. Zabibu mbichi na kavu zinaweza kuua figo. Chokoleti mnaijua. Siagi ya karanga isomwe lebo, kwa kuwa baadhi yake hutiwa utamu wa zailitoli, ambao hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi ya kutisha. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, na mafuta yaliyobaki kikaangoni huweza kulivimbisha kongosho. Mbwa aliyesusa mlo mmoja hayuko hatarini. Aliyebembelezwa kwa supu ya vitunguu yuko hatarini.

Kabla ya maswali nina ombi moja. Nimeweka mizani ya jikoni na mfuko wa punje kwenye meza ile ya mlangoni, pamoja na bakuli na vikombe vya ukubwa mbalimbali. Kila mmoja achague kikombe kinachofanana na cha nyumbani kwake, achote kama anavyochota kila siku, apime, kisha aandike gramu hizo kwenye karatasi pamoja na uzito wa mbwa wake. Upande wa pili wa karatasi nimeuacha mtupu kwa ajili ya kila "kipande kimoja tu". Nileteeni hapa mbele, tuzipige hesabu pamoja mmoja baada ya mwingine.